Magoti ya Ngiri

Nilipoandika katika daftari la wilaya, "ngiri wanne, majike wawili,"
karani alicheka, akauliza kama nimehamia zahanati.
Ndivyo lugha yetu ilivyomwonea huyu mnyama:
jina lake tumeupa uvimbe wa kinena,
na la pili, mbango, tunamwitia mtu mwenye meno ya nje.
Hajapata kukata rufaa.

Nilikuwa Lamadi kwa ajili ya nguruwe wa Kabula Shigela.
Kumi na saba. Jumanne masikio yamegeuka zambarau,
Ijumaa banda kimya,
ndoo ya pumba imejaa hadi ukingoni, nzi wanaogelea.
Jike wa mwisho aliegemea ukuta wa upande wa ziwa
kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.
"Ni wale wa porini," alisema Kabula. "Wanashuka usiku kunywa,
wananiachia maradhi mlangoni."
Mwanawe, Luhende, hakusema kitu.
Alikuwa anasuka vitanzi kwa waya wa breki za baiskeli.

Nikaenda kwenye shimo.
Si lake. Alilichimba muhanga, akahama,
ngiri akapanga bila mkataba.
Nililala kifudifudi nyuma ya kichuguu,
upepo wa ghuba ukinijia usoni na harufu ya dagaa,
jua halijagusa maji, nikawaona wakirudi:
watoto wanatumbukia kichwa mbele, ovyo, kama waliochelewa shule;
mama anageuka, anaingia kinyumenyume,
meno yake yakabaki yanalinda mlango.
Chuchu anazo nne tu. Kila mtoto na yake,
na nduguye akifa, ile ya marehemu haguswi mtu nayo.

Asubuhi walikula kwa magoti.
Sugu zile hazikuletwa na kupiga magoti.
Huzaliwa nazo; tumboni tayari zimo,
kama mtu aliyeanza kuomba radhi
kabla ya kosa.

Walipokwenda mbali nilichota mchanga wa shimoni kwa kijiko kirefu,
nikaumwaga juu ya karatasi nyeupe, nikangoja.
Mchanga ukaanza kutembea.
Papasi. Kijivu, ngozi kama zabibu kavu.
Humwonja mtoto wa ngiri siku zake za kwanza
na kumtia kirusi kilekile kinachofagia mabanda.
Mtoto hatetemeki. Anakua nacho;
damu yao ilipatana nacho kabla hatujajua kufuga.

Kwa hiyo Kabula hakukosea kabisa.

Lakini ngiri hatembei usiku. Jua likizama, yumo ndani.
Na papasi hana miguu ya kutoka Ndabaka mpaka kwenye banda la matofali.
Nikahesabu siku nikirudi nyuma,
kidole juu ya kalenda ya duka la dawa za mifugo:
Jumatano ile nilikuwa Nyashimo, kwa Ng'wandu,
jike wake ana mafua tu, alisema, mafua tu,
nikamchoma sindano, nikapanda pikipiki,
nikapitia kwa Kabula kuhasi vidume.
Mabuti yaleyale.
Dawa ya kunyunyizia ilikuwa imeisha tangu Machi,
nami nilikuwa na haraka.

Siku ile sikumwambia. Nilimwambia ya pili yake,
nikiwa nimesimama; nikaona haifai, nikachuchumaa;
nayo haikufaa. Magoti yangu ni laini, hayajui kazi hii.
Kabula aliyatazama mabuti, si mimi.
"Yavue," akasema.
Akayachukua kwa kijiti, akayatupa shimoni walimolala wale kumi na saba,
akamwaga mafuta ya taa.

Nilimfuata Luhende porini miguu mitupu, tukivua waya vichakani.
Alikuwa ametega vitanzi saba.
Tulivipata sita kabla ya giza.
Cha saba, alisema, hakumbuki ni mti gani.