Yah: Mti wa Tatu Kutoka Kona

Kwa Ofisa Mazingira, Halmashauri ya Jiji, Mbeya.
Hii ni barua yangu ya nne.
Zile tatu zina mhuri wa IMEPOKELEWA,
na kupokelewa, nimejifunza, si kusomwa.

Mti ninaousema ni mjakaranda,
wa tatu kutoka kona ya duka la Mwasampeta,
pale ninapopiga pasi ya mkaa tangu mwanangu anatambaa.
Lori la saruji liliuvunja mwezi wa tatu, usiku,
likirudi kinyumenyume, utingo akiita njoo, njoo, njoo,
hadi njoo ikawa kishindo.
Tawi kubwa likabaki linaning'inia kwa gome,
kama mkono uliochomoka begani
na mwenyewe bado hajalia.

Niliandika.
Akaja kijana na daftari, akaupima kwa macho,
akauliza mti huu ni wa nani.
Nikamwambia: ukitoa maua ni wa jiji,
ukivunjika ni wa mama anayekaa chini yake.
Akaandika. Sijui aliandika nini.

Niliandika tena.
Wakaja na kopo la rangi nyekundu, wakachora X.
Ile X mnaijua, hata kuku wa mtaa huu wanaijua,
nyumba ikichorwa hailali na paa.
Ila waliichora kwenye mti wa nne.
Wa nne! Mzima, mnyoofu,
wenye kiota cha chiriku na kibao cha fundi saa.
Nikasema, jamani, mgonjwa ni huyu hapa.
Wakasema, mama, sisi ni wa rangi,
wa msumeno ni wengine.

Wa msumeno walikuja Alhamisi.
Kufika saa sita ule mzima ulikuwa magogo,
kufika saa tisa magogo hayakuwapo.
Siulizi yaliivisha maharage ya nani.
Fundi Ambindwile sasa meza yake iko juani,
anakunja jicho moja, anafungua saa kwa kubahatisha.

Barua ya tatu nayo ikapata mhuri.
Tawi lilikuwa likilia kila upepo ukishuka kutoka Loleza,
na Tusajigwe, wa darasa la pili, hupita pale chini
akihesabu hatua zake kwa sauti.
Nikaazima panga. Nikalikata.
Nikapaka jeraha udongo na mavi ya ng'ombe,
kama bibi alivyoitibu miparachichi yake kule Rungwe,
nikalifunga kwa mpira wa baiskeli.

Wiki haikuisha: faini. Elfu hamsini.
Kosa, kuharibu mti wa barabara bila kibali.
Safari hii hawakukosea mti.
Hawakukosea hata herufi ya jina langu.
Namba ya malipo iliingia kwenye simu
kabla chai yangu haijapoa.

Sikuja kulalamikia faini.
Au nimekuja, andikeni mpendavyo.
Elfu hamsini ni mashati mia moja,
na kola zake, na mikono yake.

Nilichotaka kuwaarifu ni hiki:
kisiki cha mti wa nne kimechipua.
Vichipukizi vitatu, vyembamba kama njiti,
vimetokea pembeni mwa ile X yenu.
Jana nilisimama na ndoo mkononi
nikakumbuka sina kibali.

Wenu,
Sekela Mwaijande, mpiga pasi.
Nakala: Fundi Ambindwile, juani.