Maji Hayana Risiti

Mkaguzi alikuja Jumanne, na raba nyeupe,
akaomba kauntabuku.
Nikampa. Lina doa la mafuta ya taa
na kona moja imeliwa na mende,
lakini hesabu zimelala sawa kama tofali za Fundi Chitanda.

Akasoma kwa sauti, kama anayesoma hukumu:
shilingi hamsini kila kilo ya korosho,
iliyokatwa na chama cha msingi,
kwa ajili ya shule ya msingi,
kuanzia msingi.
Akatabasamu. Sisi hatukutabasamu.
Neno hilo tumelichimba kwa sururu, futi tatu,
katika udongo mwekundu wa Newala usiohurumia mgongo.

Msimu wa kwanza: msingi na jamvi.
Msimu wa pili mnada ulidorora, wanunuzi wakasusa,
tukaishia kwenye madirisha.
Mvua ikakuta kuta ziko wazi,
ikazilamba tofali mpaka zikamwaga unga.
Mbuzi wa Nalobile akazalia darasa la pili.
Watoto wakasema: huyo amewahi namba.

Msimu wa tatu, lenta.
Tuliambiwa: fikisheni lenta, sisi tutapaua.
Tukafikisha.
Barua ikatangulia, bati hazikufuata.
Basi tukapanda juu ya jengo la zamani,
lile la mwaka sabini na tano, lenye ufa
ambao Mwalimu Machupa aliufundishia Mto Ruvuma,
tukang'oa mabati arobaini na sita,
tukaziba matundu ya misumari kwa lami,
tukalivika jengo jipya
kama mdogo anavyorithi shati la kaka yake:
mikono haifiki, ila ni shati.

Mkaguzi akafika ukurasa wa kumi na moja.
"Maji. Ndoo elfu mbili mia moja na arobaini.
Risiti iko wapi?"

Nimwambie nini?
Huku juu mfuko wa saruji unapatikana dukani kwa Hatibu,
maji hayapatikani kwa Hatibu.
Yalipanda kutoka bondeni, saa kumi alfajiri,
kichwani kwa Somoe, kwa Bi Nangumbi,
kwa Siwema mwenye mimba ya miezi saba
aliyekatazwa na kila mtu, akaja.
Na watoto, kila mmoja na kidumu cha lita tatu,
kabla ya kengele.
Nani aandike risiti? Shingo?
Nilichora kijiti kwa kila ndoo, vitano vitano,
ukurasa ukafanana na uzio.

Akaukata. Kalamu nyekundu, kwa rula.
"Haitambuliki."

Ndipo nikamfungulia ukurasa wa mwisho,
ambao hakuna aliyeniomba.
Novemba ya mwaka wa pili, usiku,
niliuza kilo kumi na mbili kwa kangomba.
Mwanangu alikuwa na homa, mnada ulikuwa mbali.
Kilo zile hazikukatwa kitu.
Kumi na mbili mara hamsini: mia sita.
Nimeandika: *Mtunza hazina anadaiwa.*
Chini yake tarehe niliyolipa, saini yangu,
na saini ya mwenyekiti,
aliyecheka alipoisoma, kisha akaacha kucheka,
akatia mkono mfukoni akalipa elfu mbili
bila kusema za nini.

"Hii ina risiti?"
Inayo. Namba sitini na tatu, na yake sitini na nne.

Aliifunga kalamu yake. Hakuufuta ule mstari mwekundu,
nami sikumwomba.
Raba zake zilirudi wilayani na rangi yetu.

Msimu huu tumepiga ripu madarasa mawili.
Ukiweka kiganja ukutani asubuhi
una ubaridi wa mtungi.
Hilo sikuliandika, sijui liingie safu gani.

Deni lililobaki: mlango mmoja, darasa la pili.
Mbuzi anajua.