Dakika ya Sitini na Tatu

Nilicheza mchezo miezi kumi na minne
na wanawake wenzangu wa Magomeni Mikumi;
zamu yangu ilipofika nikanunua mchezo:
kioo cha oledi, inchi ishirini na saba,
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
muuzaji akiniapia kwa mama yake
kwamba nyeusi ya humu sijapata kuiona.

Kweli sikuwa nimeiona.
Nyeusi yake si rangi iliyopakwa,
ni nukta zimezima, basi.
Kila nukta ina utambi wake, inajiwakia.

Rangi ndizo zilizoleta ugomvi.
Wa Msimbazi walitaka nyekundu iungue,
wa Jangwani wakapandisha kijani
hadi uwanja ukang'aa kama pipi ya minti
na uso wa golikipa ukaiva papai.
Kila aliyelipa mia tano alibonyeza kitufe cha chini.
Mwisho nikaleta jezi mbili za kweli, zilizofuliwa sana,
nikazitundika ubavuni mwa kioo,
nikashusha, nikapandisha, nikafinya jicho moja,
mpaka jezi ya ndani na jezi ya ukutani
zikasalimiana.

Mwanga nikauacha asilimia mia. Hapo nilikosea.
Na ule ufundi wa kujififiza picha ikitulia
nikauzima mwenyewe, kwa kidole hiki,
kwa sababu Mwinyimvua alisema unamnyima penalti.

Ijumaa ile Chande alikuwa zamu.
Simu ikaita kutoka Mwananyamala: uchungu umeanza.
Akasimamisha mechi dakika ya sitini na tatu,
mbili kwa moja,
akatia kufuli, akaondoka na ufunguo na akili yake yote.
Mimi nilikuwa Mbagala, msibani.

Mwezi mzima tulikuwa tukiwatukana Tanesco.
Giza la saa moja, giza la saa nne, giza lisilo na saa.
Siku zile tatu umeme haukupepesa.
LUKU ilikuwa imeshiba.
Jenereta la jirani halikukohoa hata mara moja.

Jumatatu nikafungua. Joto, kimya,
na neno moja la Kizungu katikati ya kioo,
maana yake Endelea.
Nikaendelea.
Neno halikuondoka.

Fundi Kasiani akaweka kijivu kitupu,
akainama kama anayefunua kope za mgonjwa.
"Kuna kivuli cha kupita," akasema, "na kuna kovu.
Kizime, usichomoe waya, usiku kijisafishe.
Kikiamka nalo, basi ni lako."

Nikakilaza siku nne.
Mbili kwa moja ikafutika. Dakika zikafifia nusu.
Endelea ikabaki, rangi ya chai iliyomwagika
ikapanguswa kwa haraka.
Bluu ndiyo huchoka kwanza, fundi alinieleza;
kinachobaki huelekea njano.
Bado kila asubuhi nafuta kwa kitambaa laini,
nikijua haliko juu.

Chande ananilipa elfu mbili mbili.
Mtoto ni wa kike, kilo tatu na robo,
wamemwita Tunu, ila mtaa mzima
unamwita Sitini na Tatu.
Siku alipoletwa nikampakata mbele ya kioo.
Cheusi: hakuna kitu.
Kijivu: akautupa mkono wake moja kwa moja kwenye lile neno,
akalipiga kofi, akacheka.
Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia baba yake.
Sikuyakumbuka.

Sasa mwanga ni asilimia arobaini.
Anayetaka jua aende nje, lipo bure.

Jana saa mbili usiku umeme ulikatika.
Wavulana wanane wakapiga kelele gizani,
Mwinyimvua akilia kwamba mpira ulishatoka mguuni.
Mimi nikagusa mgongo wa kioo, bado una joto,
nikakiambia taratibu, wasinisikie:
lala.