Bibi Aliomba Sukari

Mshahara wangu wa kwanza wa bandarini ulipoingia
nilimpeleka bibi kwa Toni, pale Mwanga,
penye vitambaa vya meza vya drafti,
vyekundu kwa vyeupe.
Bibi alivaa viatu. Niseme hivyo tu,
wenye bibi zao Ujiji wataelewa.

Watoto wa meza ya jirani walipewa karatasi
na penseli za rangi, wachore wakisubiri chakula.
Mmoja alichora mgebuka wenye miguu.
Baba yake akausifu kwa sauti
ya mtu anayetaka mkewe asikie.

Ukaja mkate wa kitunguu saumu.
Bibi akaunusa. "Nani anaumwa?"
Kisha: "Na nyama, kachinja nani?"
"Mzee Hamimu wa Rusimbi, bibi."
"Huyo namjua. Mkewe ana hela yangu ya upatu."

Sahani ikatua: tambi ndefu, mchuzi wa nyanya,
mabonge matatu ya nyama juu,
na jani moja la rehani.

"Hizi ni tambi."
"Ndiyo, bibi."
"Na hizi ni kababu."
"Ndiyo."
"Nani kaziozesha?"

Maana tambi, kwetu, ni za Ramadhani.
Hukaangwa zikawa rangi ya asali, zikanyweshwa maji,
iliki, zabibu, sukari mpaka chungu kinate.
Zina adabu zake: hungoja adhana ya magharibi.
Na nyama hazikutani nayo
ila huko huko tumboni.

Akaomba sukari.

Mhudumu, kijana wa Kasulu, alichekea puani.
Mimi nikahesabu mbawa za pangaboi. Tatu.
Nikazihesabu tena.

Ndipo mwenye hoteli akatoka jikoni
na bakuli la sukari mkononi mwake mwenyewe,
unga hadi kwenye nyusi,
mtu aliyeosha sahani miaka minne
akapika kumi na saba, New Jersey,
kwa Wataliani wa huko, wa Marekani,
ambao Italia yenyewe wanaijua kwa kusimuliwa.
Jina lake liliwashinda. Wakamwita Toni.
Akarudi nalo kama mtu arudivyo na koti zito:
Kigoma halina kazi, lakini limemgharimu.

"Bibi," akasema, "mama aliyenifundisha mchuzi huu,
kikongwe wa nguo nyeusi, kama eda yake haikuisha,
naye alitia sukari. Kijiko kimoja.
Kwanza anatazama mlangoni, wanawe wasimwone.
Alisema nyanya za ugenini ni chachu."

Bibi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anausoma uso.
"Wewe si Anzuruni?
Anzuruni wa Chausiku, wa Kitongoni,
uliyeanguka kwenye mchikichi wetu
ukaficha mkono siku tatu?"

Jikoni mtu aliita: meza ya sita! Meza ya sita!
Yeye akakunja mkono wa shati.
Kiwiko bado kimepinda.

Akavuta kiti, akaketi na unga wake.
Hakuuliza. Bibi akalitoa lile jani kwenye tambi,
akalifuta mchuzi kwa ncha ya khanga,
akalinusa, akampa.
"Tulimwekea rehani kama hii," alisema.
"Mvua ilinyesha, lakini watu walijaa.
Na hela uliyotuma ilifika. Yote."

Meza ya sita walisubiri sana siku ile.
Yule mtoto akamaliza mgebuka, akamvika viatu.

Bibi alizila tambi zote, kwa sukari, kwa mkono,
kababu akaziweka kando, akazila mwisho,
kila kitu na wakati wake.

Bili nililipa mimi. Sukari haikuandikwa.
Pizza yangu ya dagaa, vipande viwili nilivyobakiza,
bibi alivifungisha kwenye boksi.
Nilidhani ni vya asubuhi.
"Pitia Rusimbi," akasema tukiwa njiani,
"mpe mke wa Hamimu, mwambie ni mimi.
Akila vizuri atakumbuka."