Kabla Ardhi Haijawa Jiwe

Novemba tunaizika mizabibu ikiwa hai.
Gerrit yuko mbele na trekta, plau inapindua udongo;
mimi nyuma, magoti matopeni,
nalaza kila tawi kama mtoto anayegombana na usingizi,
nalifunga kwenye waya wa chini kabisa, nalifunika.
Hatukai matanga.
Tunavua buti mlangoni, tunakunywa supu ya njegere,
hakuna asemaye neno.

Januari upepo wa Ziwa Ontario unapiga hodi
na kuingia bila kungoja karibu.
Kipimajoto cha ghalani: ishirini na sita chini ya sufuri.
Shubiri mbili chini ya theluji
mizabibu imebana pumzi.

Shamba hili baba mkwe, Wiebe, alilipata kwa bei ya kutupa,
na kweli lilikuwa la kutupa: chokaa, kokoto,
mwamba uliovunja meno ya plau tatu.
Majirani, watu wa nyanya za makopo,
walimcheka hadi wakachoka.

Mwaka ule alilazwa, mapafu yakimdai.
"Fukueni," alisema. "Nataka kuyaona majani."
Ilikuwa Aprili tarehe tisa. Mapema mno; tulijua sote watatu.
Tukafukua.
Nikampelekea chipukizi moja ndani ya kikombe cha chai,
jekundu kidogo pembeni.
Akalishika kama mtu anayesoma saa.

Sakitu ilikuja usiku, katikati ya Mei.
Saa tisa tuliwasha mabunda ya nyasi kavu,
binti yetu Jorien akikimbia na kiberiti, viatu bila soksi,
moshi ukatambaa kati ya mistari
kama ng'ombe wanaotafuta zizi gizani.
Kulipokucha Gerrit alifuta macho.
Moshi, alisema.
Mistari kumi na mmoja ilikuwa hai. Iliyobaki, nyeusi.

Wiebe tulimzika Juni.
Udongo ulikuwa laini, umejaa minyoo.

Pipa moja tu, la mwaloni mkuukuu,
ili mbao isiseme zaidi ya zabibu.
Hii hapa. Shardonei, rangi ya nyasi zinazoanza kukauka.
Mwanzoni inakuuma: limau, tufaha bichi,
ukakasi unaokaza mashavu.
Subiri.
Halafu chumvi kidogo, jiwe lililonyeshewa,
na kwa mbali sana, nyuma ya ulimi,
kitu ambacho Gerrit hukiita siagi.
Mimi hukiita moshi, naye hukataa.

Jumamosi alikuja mgeni kutoka Toronto, koti zuri,
akageuza chupa, akasoma bei.
"Mbona ghali?"
Nilitazama dirishani, kwenye matuta yetu marefu,
mvua ya kwanza ya barafu ikiyapiga.
Nikamwongezea kidogo, bure.
"Ishike glasi kwa kiganja," nikamwambia.
"Imetoka kwenye baridi."