Mengineyo

Mimi ni katibu tu wa kikao.
Niliandika: ajenda ya kwanza, kufungua.
Ya pili, maji. Ya tatu, mengineyo.
Mhandisi alifika na gari jeupe kutoka Newala,
vumbi jekundu limempaka hadi kwenye kope,
na hotuba yake akaianzia mbali, duniani.

Ndugu wananchi, alisema, redio mnasikiliza.
Huko ng'ambo zinaruka droni usiku kucha,
kilomita elfu moja na mia tano,
zinavuka mito na mipaka na mashamba ya ngano,
zinatua juu ya kiwanda cha mafuta
kama nzi juu ya kidonda.
Kinaungua siku tatu.
Ndipo dizeli inapanda,
ndipo pampu yenu inanyamaza.
Ni vita, alisema, akafunua viganja
kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba.

Nusura tumpe pole.
Hata Chilowaka, anayeuza dizeli kwa chupa, alitikisa kichwa.

Ndipo akainuka Somoe Namtuka.
Si msemaji. Ni mweka hazina wa maji,
risiti huzifunga kwenye pindo la kanga.
Alifungua kaunta buku lenye kutu ya pini,
akasoma taratibu, kama anayechambua choroko:

Pampu ilikufa tarehe nne Septemba.
Hiyo vita yako, bwana mhandisi,
imeanza masika ya mwaka uliofuata.
Barua ya kwanza tulileta Oktoba.
Ya pili Januari. Muhuri wenu huu hapa,
na mwino wake haujapauka.
Kutoka hapa hadi mezani kwako
ni kilomita thelathini na moja,
nazijua, nimezilipia bodaboda.
Mimi nauliza tu.
Droni haina nauli, haina mwenyeji,
inakwenda elfu moja na mia tano
na dirisha inalolitaka inaliona.
Barua yetu ilipotelea kona ipi?

Watu walicheka. Sikuandika kicheko,
muhtasari hauna mstari wa kicheko.
Kisha wakanyamaza, na hilo nalo sikuliandika.

Sikuandika pia tunachokunywa.
Nyuma ya mikorosho ya kina Nachingulu kuna shimo,
duara, kama limepimwa kwa kamba.
Mama yangu alikuwa na miaka saba
ndege za Mreno zilipovuka Ruvuma.
Zilitafuta wapigania uhuru.
Zilipata mbuzi wawili, ghala la mtama,
na mdogo wake mama, Sikudhani,
aliyekuwa amerudi ndani kufuata kibuyu.

Shimo lile hujaa mvua.
Tunachota humo tangu Septemba ile ya pampu,
tunachuja kwa kanga, mayai ya chura yanabaki kwenye maua ya kitambaa.
Mama hachoti. Anakunywa, lakini hachoti.
Siku moja tu alisema, akiwa amegeukia ukuta:
Mreno alitaka kutuua, na maji yake hayajakosa hata masika moja.
Wetu wanatupenda.
Sikujua nimjibu nini. Nikaenda kuhesabu madumu.

Mhandisi alitazama saa.
Hili, alisema, tuliweke kwenye mengineyo.
Andika, katibu: hoja imepokelewa.

Nikaandika.

Somoe hakuketi.
Andika na tarehe, akaniambia.
Andika na jina lake, lote, mpaka la babu.
Halafu atie sahihi hapa, chini ya ile barua ya pili,
ili tukikutana tena
asije akatuletea vita nyingine.

Nikamsogezea kaunta buku.
Kalamu yake, ile ya dhahabu dhahabu, ilikataa kuandika.
Aliitikisa. Akaipulizia. Akaitikisa tena.
Nyuma ya dirisha watoto walisimama na madumu vichwani,
wala hawakuwa na haraka.
Nikampa yangu.