Ishirini na Tisa Shaabani, Mkoani

Daktari Luo kaja na simu yake wodini
saa ya kutia matone,
akaiegemeza kwenye kopo la pamba
tuone sote, wenye macho na wenye nusu ya macho.

Kwetu nako kisiwa, anasema.
Na kweli: nyuma ya mnara wa chuma
minazi, imeinama kidogo kama ya Makombeni,
watu wamekaa mchangani, watoto mabegani,
wanakula kitu kilichofungwa kwa majani.
Mie nilidhani roketi hurushwa jangwani,
pasipo na mtu aliyeanika nguo.
Kumbe hata penye madafu.

Tukahesabu naye kwa lugha yake,
wu, si, san,
wagonjwa saba na bendeji zao,
mfagizi na fagio lake hewani,
er, yi,
simu ikaganda.
Bando limekwisha
pale pale moto ulipotoka.

Akacheka hata miwani ikamshuka.
Akatumalizia kwa Kiswahili chake cha miezi minane:
chombo kwenda mwezi, upande nyuma,
kama kile cha kwanza,
chukua udongo, rudi nyumbani.
Kisogo, nikamsaidia. Kisogo cha mwezi.
Akaliandika kwenye kijidaftari: ki-so-go.

Nikawaza, huku natia matone.
Tangu Adamu mwezi unatutazama kwa uso ule ule,
haujapata kutupa kisogo, ndiyo adabu yake.
Hawa wamezunguka
wakaingilia mlango wa uani bila hodi,
wakachota vumbi, wakafunga, wakaondoka.

Saa kumi na moja tulimfungua Bi Mgeni Shaame
jicho la kulia. Mtoto wa jicho katolewa,
kioo kipya kimetiwa. Kaomba asimame
dirishani, upande wa gati.
Jua lilipozama tu, ukelele:
Umeandama! Nimeuona mie!
Mwembamba, juu ya Makoongwe!

Wodi nzima ikamfuata.
Mie mwenye macho mawili mazima
niliona ukucha wa nuru, mweupe, umejikunja,
nikawa nimeshaanza dua ya mwezi mpya
kabla sijaona kwamba unatembea.

Haji Tumu wa kwa sheha alifika na pikipiki,
karatasi mfukoni, kalamu sikioni.
Pembe zake zilielekea wapi?
Sikuziangalia pembe. Ulikuwa unakwenda zake.
Mwezi hauendi mbio, bibi.
Basi huu ulikuwa na haraka.

Macho yetu yote yakamgeukia Luo.
Naye katazama viatu vyake vya plastiki.
Samahani, kasema. Ile yetu.
Tangi tupu. Limemaliza kazi, linaanguka.
Linaanguka wapi? akauliza mfagizi,
na hilo hakuna aliyelijibu.

Haji kairudisha kalamu sikioni.
Shahidi mmoja, jicho lina saa moja na nusu,
na alichokiona ni cha Kichina.
Siwezi kupeleka Unguja habari hii, watanicheka.
Kapiga teke pikipiki mara tatu ndipo ikawaka.

Usiku redio ikatangaza: haukuonekana,
kamilisheni thelathini.
Wengine wakalala. Bi Mgeni kakaa kitandani
na jicho lake jipya, analifumba, analifumbua,
analijaribu kwa taa ya korido.
Luo alipopita kumpima, kamshika mkono wa koti.
Mwanangu, hao wa huko kisogoni,
wakikaa, kwao wao kutaandama nini?
Luo kafungua kijidaftari.
Kafunua mbele, kafunua nyuma,
kasimama na kalamu yake muda mrefu.

Asubuhi nilimpelekea bibi uji wa pilipili manga.
Kaniambia, weka hapo.
Ukapoa, ukatanda ngozi.
Hakusema kafunga. Hakusema hakufunga.
Saa nne nikaja kuchukua kikombe
nikamkuta kageuza kiti
anatazama mbingu nyeupe ya mchana
upande ule ule,
kama mtu aliyeambiwa, subiri, wanarudi.